Aliyechora Ukoo Wetu kwa Maneno

Simu ilinikuta Jumapili nimetoka kanisani, viatu bado miguuni, sahani ya bugali na mikeke mbele yangu. Aliyepiga ni jirani wangu wa zamani, mama mmoja anayeuza vitenge karibu na soko la Baraka, na hakuzunguka: "Mwalimu, ule papa wa kuchora na maneno alikufa leo asubui. Tension ilipanda." Huku ndivyo tunavyoiita presha ya damu. Nikasema asante mama, nikakata simu, nikaendelea kula. Naomba msinihukumu haraka, wasomaji wangu. Kwa umri niliofikia na mahali tunapoishi, habari za namna hii zinakuja mara nyingi mno, mtu anachoka hata kushtuka. Kwanza unamaliza sahani, halafu ndipo unagundua kwamba hukusikia ladha ya samaki. Wala marehemu hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu wa kusalimiana na kupeana kazi, basi. Lakini tangu Jumapili hiyo kila ninapokaa kuandika ukurasa huu jambo lingine halitaki kuingia kichwani, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Alikuwa na kibanda cha kazi ile tunayoiita huku secrétariat public: meza moja, kompyuta moja, mashine ya fotokopi, na paneli ya jua juu ya mabati. Vibanda vya namna hiyo viko vingi katika mji wetu wa Baraka, na vyote vinafanya kazi zilezile, barua za kuomba kazi, vyeti, mitihani ya shule, ripoti za makamati. Chake kilikuwa na kitu kimoja ambacho vingine havikuwa nacho. Ukimletea mchoro, yeye hakuuchora, aliuandika. Lugha aliyoitumia ilikuwa na jina, TikZ, ambalo sisi wote tulishindwa kulitamka, tukaiita tu "maneno yake". Badala ya kuvuta mstari kwa mkono, aliiandikia mashine sentensi: weka nukta hapa uiite A, weka nyingine pale uiite B, vuta mstari toka A mpaka B, na kila sentensi aliifunga kwa point-virgule, ile nukta-mkato. Akisahau point-virgule moja, mashine inagoma na ukurasa wote hautoki. Akimaliza, anabonyeza, anangoja kidogo, na mchoro unatokea katikati ya maandishi, umenyooka, herufi zake ni zilezile za ukurasa mzima.

Alijifunza mambo hayo Bukavu, kwenye masomo ya hesabu ambayo hakuyamaliza. Sijui kwa nini aliacha. Hakusema, na mimi sikuuliza. Wateja wengi hawakumpenda, na ninawaelewa. Mtu anataka kuona picha yake ikikua mbele ya macho, yeye anamwonyesha mistari ya maneno na mabano. Wengine walisimama nyuma yake dakika tano, wakachukua karatasi yao wakaondoka. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imekufa zamani, hivyo wingu likitoka upande wa Ubwari na jua likafichwa, mashine ilizima palepale. Wenzake wakizimiwa wanatoka nje kupiga porojo. Yeye alitoa daftari la mistari ya miraba, lile la hesabu la watoto wa shule, akaendelea kuandika mchoro kwa kalamu ya bic, ili jua likirudi aunakili tu. Siku moja mama mmoja mpitaji akamuuliza, "Papa, unaandikia nani barua ndefu vile?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Hapana mama, minachora pompe ya maji." Mama yule alicheka mpaka akaweka beseni yake chini. Mji mzima ulisema kichwa chake kimelegea kidogo, na nadhani na mimi nilisema.

Hasira yangu ya kwanza naye ilitokana na pembetatu. Miaka hiyo nilikuwa nasimamia mitihani kwenye shule moja ya sekondari, na mwalimu wa hesabu alinipa swali lenye pembetatu yenye pande za urefu wa nne, tano na kumi, ichorwe halafu wanafunzi watafute mzunguko wake. Nikampelekea marehemu. Kesho yake narudi kuchukua karatasi, nakuta mtihani mzima uko tayari isipokuwa mahali hapo, peupe. "Hii triangle haiko," akaniambia. Nikamwambia, papa, iko, ndiyo hii hapa mwalimu ameichora kwa mkono. Akanivumilia. Akanieleza kwamba pande zile mbili, yenye urefu wa nne na yenye urefu wa tano, ukiziunganisha hazifikii kumi, haziwezi kukutana hata uzivuteje, na yeye aliiandikia mashine vipimo vya kweli, mashine ikakosa mahali pa kuikutanisha mistari. "Basi danganya kidogo," nikasema, "weka tu picha, batoto banajumlisha tu." Akatikisa kichwa. "Mwalimu, mkono unaweza danganya, kwa sababu mukono haiulizwi vipimo. Mi mashine inaniuliza. Nitaandika nini?" Nilifoka. Nilimwambia mtihani ni kesho, nilimwambia hajui kazi, nilimwambia mengi. Mtihani ulipita bila mchoro. Msichana mmoja darasani aliandika kwenye jibu lake kwamba pembetatu hiyo haiwezekani, na mwalimu akampa sifuri. Nililiona jibu hilo kwa macho yangu wakati wa kukusanya alama. Nikageuza karatasi nyingine.

Nimeishi katika mambo ya karatasi maisha yangu yote, na niseme wazi, nimechoka nayo. Huku kwetu tumekuwa watu wa karatasi kuliko tunavyokubali. Tulikimbia mara ngapi, tulirudi mara ngapi, na kila tukirudi kuna orodha mpya, kamati mpya, fomu mpya, muhuri mpya. Shamba lako haliko mpaka liwe kwenye karatasi. Mtoto wako hayuko mpaka awe kwenye karatasi. Na karatasi ikipendeza, ikiwa na rangi na muhuri umekaa sawasawa, nani anauliza tena kilichoandikwa? Tunaipokea kwa mikono miwili, tunaikunja, tunaiweka ndani ya plastiki. Mimi niliyefundisha watoto kusoma, nikiulizwa ni lini mara ya mwisho nilisoma karatasi kabla ya kuitia sahihi, ee, afadhali tuendelee na habari ya marehemu.

Mwaka jana wazee wa ukoo wetu waliamua kwamba shamba la nyanya yangu, mama mzaa baba, lile la kando ya mto Mutambala, ligawanywe na lijulikane la nani. Ofisi ya chifu ikataka mti wa ukoo, nyanya juu, watoto wake chini yake, wajukuu chini zaidi. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, na mimi nikawa katibu kwa sababu ninajua kuandika. Shambani pale anaishi mama mdogo wangu, mjane, na watoto wake watatu waliokwisha kuoa na kuolewa. Mume wake, baba mdogo, hakuzaliwa na nyanya. Nyanya alimwokota ufukweni akiwa mtoto mchanga wakati watu walipokuwa wanakimbilia ng'ambo ya ziwa, hajulikani ni wa nani, akamnyonyesha pamoja na baba yangu, titi hili huyu na titi hili huyu. Walitahiriwa msimu mmoja. Mahari ya mama mdogo ilitoka kwetu. Mpaka anakufa, sikuwahi kusikia mtu akimwita jina lingine zaidi ya ndugu.

Nilimpelekea marehemu majina yote, akaandika mti. Ulitoka safi, ukurasa mmoja, baba mdogo akiwa kando ya baba yangu na watoto wake watatu chini yake. Nikaupeleka lubunga, pale wazee wa kwetu wanapokaa kusemezana. Baba mkubwa akauangalia muda mrefu, akaweka kidole juu ya jina la baba mdogo. "Huyu tumutoe. Si wa damu. Mama yetu alimulea tu." Wazee wengine wakaangalia chini. Mimi nikasema, baba mkubwa, lakini mama mdogo ataenda wapi? Akanijibu taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonifunga mdomo: "Mutoto, we kazi yako ni kuandika. Andika."

Nikarudi kibandani. Nilimwambia marehemu, toa jina moja hapa, ni kazi ya dakika moja. Alifungua mchoro ule, si picha, yale maneno yake, akanivutia kiti nikae niangalie, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akanionyesha. Katika lugha ile mtoto anaandikwa ndani ya mabano ya mzazi wake, na mjukuu ndani ya mabano ya mtoto, na mabano ya mwisho yanafungwa wote wakiisha kuingia. Akaweka kidole juu ya jina la baba mdogo, akafuata mabano yake mpaka yanapofungwa, mistari mitatu chini. "Mi naweza mutoa, Mwalimu. Lakini ona, batoto bake biko ndani yake. Nikimutoa, bote banaenda naye."

"Basi batoto ubaweke fasi ingine," nikasema.

"Fasi gani? Chini ya nani?"

"Utafute tu."

"Hapana. Mi siwezi kutafutia bantu mzazi. Bazee baniambie: huyu mutoto wa kwanza, chini ya nani. Wa pili, chini ya nani. Nitaandika vile banasema. Dakika moja, kweli."

Nikapeleka swali lubunga. Nawaambia, wasomaji, sijawahi kuona wazee wakihangaika namna ile. Mmoja akasema watoto hao wawekwe moja kwa moja chini ya nyanya. Mwingine akamkatiza, wee, ukiwaweka pale unawafanya ndugu zetu, watagawana na sisi, si na watoto wetu! Mwingine akasema wawekwe chini ya baba yangu, maana ni marehemu na hawezi kukataa. Hapo nikaruka mimi, kwa aibu ninakiri, kwa sababu nilihesabu sehemu ya wadogo zangu. Waliwazungusha watoto wale watatu mti mzima na kila mahali walipowafikisha palikuwa na mtu wa kusema si hapa. Mwisho mzee mmoja akanong'ona, "Si tubaache tu pale baliko?" Nilifikiri yameisha. Baba mkubwa akasimama, akakung'uta kofia yake, akasema kuna secrétariat nyingine karibu na kituo cha pikipiki, haina maswali.

Na kweli haikuwa na maswali. Bwana yule alichora visanduku kwa kuvuta na kalamu ya mashine, akafuta kimoja, akafuta vitatu vya chini yake, akavuta vingine ili pengo lisionekane, akazungushia maua pembeni. Robo saa tu. Karatasi ilipendeza kwa kweli. Wazee wakatia vidole, mimi nikatia sahihi kama katibu, na chifu akaipokea. Mama mdogo akaambiwa avune mihogo yake, na mihogo ikiisha aondoke. Hakupiga kelele. Alianza kung'oa shina moja moja, leo moja, keshokutwa moja, na karanga hakupanda tena. Kila mtu alielewa anachofanya, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia aharakishe.

Baada ya hapo nilikutana na marehemu mara moja tu, njiani, amebeba karatasi za fotokopi kichwani. Hakunilaumu. Aliniuliza, "Mwalimu, bale batoto, mulibapatia fasi?" Nikamwambia nina haraka. Toka siku hiyo nikawa nafanya fotokopi zangu kwingine, na nikiona kibanda chake mbele nahamia upande wa pili wa barabara. Kwa miezi mingi. Mtu mzima na mvi zangu, namkimbia mtu ambaye kosa lake ni kuniuliza swali.

Kwenye kilio chake nilikwenda Jumatatu. Watu hawakuwa wengi, walimu kadhaa, wateja kadhaa, kwaya ya kanisa lake. Alikuwa mzaliwa wa Lulimba, ndugu zake walikuwa bado njiani, na barabara ya kule mnaijua. Nyuma ya nyumba, kwa bamama waliokuwa wanapika, nikamkuta mama mdogo. Amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, beseni nzima. Sikujua kwamba walijuana. "Mihogo hii imetoka wapi, mama mdogo?" nikauliza, swali la kijinga, maana nilijua. "Ya kwangu," akasema. "Imebakia mistari mbili." Halafu, akiendelea kumenya, akanieleza kwamba marehemu alimfuata shambani mwaka jana, wiki ileile ya karatasi yenye maua. Hakumletea karatasi wala ushauri. Alimuuliza tu kama anamruhusu asiufute ule mti wa kwanza. Na toka hapo, kila akizaliwa mjukuu, marehemu alimwambia amletee jina. Wajukuu wawili wamezaliwa. "Alibaandika bote," akasema. "Ananiambia, mama, fasi yao iko tayari, mi nafungua tu mabano. Mi sijue mabano ni nini, lakini nilikuwa nafurahi." Hapo machozi yalinijia, na si ya marehemu peke yake. Nililia kwa aibu, mbele ya bamama na visu vyao, na hakuna aliyenibembeleza.

Baada ya maziko nilimwomba mjane wake, akanifungulia kibanda. Jua lilikuwa kali, mashine ikawaka. Mti wa kwanza ulikuwa pale, maneno matupu, na hata mimi nisiyejua lugha ile niliweza kuusoma: nyanya, ndani yake baba mdogo, ndani yake watoto watatu, ndani yao wale wajukuu wawili, walioandikwa hivi karibuni. Hakuna jina alilolisogeza, hakuna alilolipamba. Mjane wake alijua kubonyeza tu, karatasi ikatoka. Nikaitia sahihi palepale juu ya meza yake, na asubuhi iliyofuata nikaipeleka ofisini kwa chifu, baba mkubwa akiwepo, maana niliona si heshima kumzunguka.

Nilisema sahihi yangu kwenye karatasi ile nyingine ni ya uongo na ninaiondoa. Baba mkubwa hakufoka. Aliniuliza kama nimechoka kuwa mtoto wa ukoo. Nikamwambia hapana, baba mkubwa, nimechoka kuogopa. Chifu akaweka karatasi mbili mbele yake, yenye maua na isiyo na maua, akazisoma zote mbili, nafikiri kwa mara ya kwanza, akasema ataita wazee upya, na mpaka hapo mama mdogo asiguswe, apande mvua hii kama kawaida. Sijui itaishaje. Baba mkubwa hajanisalimia toka siku hiyo, na wadogo zangu wananipigia simu kuniuliza nimeingiwa na nini.

Lakini kabla hatujatoka, chifu aliniita nyuma. Akaniuliza swali moja, bila ubaya: "Mwalimu, hii yote ulikuwa unaijua mwaka jana. Mbona hukusema?" Nikamjibu lililo kweli: mwaka jana kulikuwa na mtu mwingine wa kusema. Na ndicho nilichojifunza, wasomaji wangu, kama bado mna nguvu ya kujifunza, maana yangu imepungua. Katika kila mji wetu kuna mtu mmoja au wawili wasiokubali kuandika uongo, na sisi wengine tunawategemea. Tunasema moyoni, si yupo yule, atakataa. Tunamwona anakataa, tunaona wateja wanamhama, tunaona tension inampanda, na tunalala vizuri kwa sababu ukweli una mtu wa kuutunza. Baba mdogo alikuwa wa nyumba yetu. Alinyonya kwa mama mmoja na baba yangu. Na aliyemtunzia jina lake alikuwa mtu wa Lulimba, hana undugu nasi, hakula hata muhogo mmoja wa shamba lile, na siku ulipopikwa, kilio kilikuwa chake mwenyewe.